Bibi Saa wa Hema la Langoni

Mama yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, akiwa mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, na alizaliwa wiki mbili kabla ya siku zake, jambo alilojivunia hadi mwisho. Alimaliza shule ya msingi 1975 na sekondari 1979, akahitimu uuguzi tarehe 30 Novemba 1982, akapangiwa wodi ya wagonjwa wa moyo, na hakuhama tena.

Tarehe 6 Agosti 1986 alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani, mtu asiyejua haraka ni kitu gani, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2020, ugonjwa wa virusi ulipoingia, kila mgonjwa alizuiwa kwenye hema lililowekwa langoni mwa hospitali aulizwe habari za kikohozi na homa, na siku moja mwenye duka mmoja alikaa kwenye foleni hiyo dakika hamsini, ameshika kifua, akafia palepale. Mama alilia sana, kisha akahamishia mashine ya kupima moyo kwenye hema hilo la langoni, na kila alipopokea mgonjwa mwenye maumivu ya kifua aliandika saa ya kufika kwa maka peni kwenye gauni lake mwenyewe la kinga, ili daktari yeyote akimtazama aone dakika zinavyoyoyoma.

Wengi waliogopa virusi wakaugulia nyumbani, baba akiwamo. Tarehe 9 Julai kifua kilimbana tangu alfajiri, akasema ni gesi, akaendelea kupiga pasi suruali ya mteja, mpaka jirani yetu dereva teksi alipomkokota hadi hospitali, na mama akaandika saa 3:10, akamwambia kwamba gesi haishuki mkono wa kushoto, na kwamba akipona watagombana. Saa 4:05 mshipa ulikuwa umezibuliwa, na kweli waligombana, wiki nzima.

Alistaafu 2022, akaugua saratani ya ini Februari 2025, akafariki nyumbani tarehe 18 Juni, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, majirani, na dereva teksi wetu.

Mama, leo baba amefika wa kwanza, sisi wengine tumechelewesha shughuli kwa dakika kumi na nne, na tunajua ungeziandika. Pumzika kwa amani, saa tutaiangalia sisi.