Fungueni Malka ya Mama Molu

Nyamazeni kwanza, wanangu, na wewe Christine acha kunifunika, mtu mwenye neno hafunikwi shuka mpaka kidevuni. Nigeuzeni nitazame mlango. Aa, ubavu huo unauma, nirudisheni. Sikilizeni, nitasema mara moja tu, maana nisipolisema leo nitazikwa nalo na ninyi mtalirithi bila kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Msinong'one kuhusu Mama Molu. Najua mnajiuliza huyu Sabdio, mama wa Kiorma, anatafuta nini kwenye wosia wa nyumba ya Kigiriama. Mimi ndiye niliyemtuma Josiah akamlete kwa bodaboda, na nimemwomba akae hapo kizingitini mpaka nimalize.

Ziro, wewe ni kifungua mimba, shamba la juu na migomba yake ni lako. Christine, nyumba hii na mbuzi. Josiah, lile la mpunga, ukaache uvivu. Bado kipande cha ukingoni mwa mto, ambacho mmekuwa mkikigombania jikoni mkidhani ugonjwa umenila na masikio. Nimesikia yote. Yule mnunuzi wa mawe kutoka Malindi anakuja Alhamisi, mmeshamtumia picha za mawe kwa simu, na kila mmoja anataka awe mwenye ukingo.

Sasa niwaambie mawe yale yalitoka wapi. Mwaka ule wa kiangazi kikali Mama Molu alinijia na kimoja amekifunga kwenye pembe ya mtandio, kijiwe cheupe ambacho ukikiweka mbele ya kidole unakiona kidole, na laini, hata ukucha unakikwaruza. Akasema ng'ombe wamekifukua kwa kwato wakishuka kunywa. Tukaanza kutafuta pamoja, yeye mbele na mifugo, mimi nyuma na karai, kwa sababu kwato zikipita ukingo unamomonyoka na mawe yanachomoza. Tuliyaosha, tukayaviringisha kwenye sufi yasimeguke, tukagawana, moja lake moja langu. Na pale palikuwa malka, njia ya mifugo ya kushukia mtoni, ambayo babu zetu walipohamia huku waliikuta, wakaambiwa limeni kushoto, limeni kulia, hapo katikati msipande hata mhogo.

Mimi sikutosheka. Kusubiri kwato nikaona ni kuchelewa, nikataka niuchimbe ukingo wote peke yangu. Basi Ijumaa moja wanaume wao wakiwa msikitini na baba yenu yuko Hola, nilichukua panga nikakata ugo wetu, nikawaswaga ng'ombe wa Mama Molu kwa fimbo yangu mwenyewe hadi ndani ya mahindi yetu yaliyokuwa tayari kuchomwa, kisha nikapiga mayowe mpaka watu wakajaa. Wazee wa amani wakaketi. Nikashika Biblia, nikaapa kwamba ng'ombe wamevunja ugo wenyewe. Wakaamua malka ifungwe, ng'ombe wao washukie kule chini kwenye kona, penye ukingo mkali, nami nikapanda mathenge, ile miti ya miba, njia nzima. Nipeni maji. Kidogo, kidogo.

Wiki ya tatu mamba alimchukua Molu, mwanawe, pale konani, akiteka maji ya ndama. Kijana alibakisha mwezi mmoja aoe. Nilienda msibani, nikaketi na wanawake, nikanywa chai yao. Na yeye Sabdio, wanangu, katikati ya kilio chake, alinishika mkono akaniomba mimi msamaha kwa ajili ya mahindi yangu. Nikamwambia nimesamehe. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka kumi na miwili, na tangu siku ile kila nikimwamkia, nikisema Mama Molu, ni mwanawe ninayemtaja. Mabati haya juu yenu, karo zenu, yote yametoka kwenye ukingo ule. Sitaki mseme hamkujua.

Sabdio, sikusemeshi kupitia watoto. Ng'ombe wako hawakunikosea. Niliwaingiza mimi. Kama nisingeapa uongo, Molu angekuwa na watoto leo. Sikuombi kitu. Ulishaniomba msamaha wewe, inatosha aibu hiyo.

Anainuka. Msimzuie. Ziro, toka mlangoni, mama wa watu apite, usimguse mtandio. Ana haki ya kutonitazama.

Sasa nyinyi. Pumzi... ngojeni. Kipande kile cha ukingoni ndicho malka, nayo haina mrithi. Si ya Ziro, si ya Josiah. Chukueni mapanga wote watatu, vaeni viatu vizito, miba ya mathenge inapenya ndala. Kateni mpaka shinani, visiki mchome moto, la sivyo vitachipua tena. Lile shimo langu la ukingoni mlifukie, ng'ombe asivunjike mguu. Mnunuzi akija mwambieni arudi kwao. Kisha nendeni kwa mzee Tadicha, ndiye aliyebaki katika wale wazee, mkamwambie mama yetu aliapa uongo. Na asithubutu mmoja wenu kusema nilikuwa naweweseka. Akili yangu iko sawa, ndiyo inayonitesa.

Si kesho. Sasa hivi. Jua lingali juu na ng'ombe wake hawajashuka. Mbona mnatazamana? Najua desturi, mzazi hakati roho akiwa peke yake. Molu alikuwa peke yake. Nani alimshika mkono?

Mungu awatangulie. Awape mvua ya wakati wake... watoto wasioogopa kusema... Josiah, na wewe pia, kitindamimba wangu... awape usingizi, mimi sikuupata. Nimewabariki. Nendeni basi.

Bado mko hapa?

Christine. Niachie mkono, mwanangu.