Mofini na Ngozi ya Ndama

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, hasa ninyi mnaokaa karibu na mlango. Hapo ndipo nilipopenda kukaa mimi, nikingoja mfumbe macho kuomba nipate kutoroka. Chekeni tu, wengine mlikuwa mkiniona.

Mnakumbuka trekta iliyobeba maua ya pareto ikapinduka kule Kabazi. Mguu wangu ulikuwa chini yake. Hospitalini Nakuru walinidunga mofini, dawa kali ya maumivu, na sitaisingizia, ilinisaidia sana. Lakini mguu ulipopona, mimi nilibaki nikiitaka ile sindano. Nikapata mtu wa kuniuzia mjini. Mwanzoni kidogo kilitosha, baadaye hakikutosha. Nikiikosa natetemeka, natapika, mifupa yote inauma. Kilichoniogopesha zaidi ni mtoto wangu mchanga. Alikuwa akinichekea nami sisikii chochote, kama namtazama mtoto wa watu. Mama mkwe alimchukua, akasema atamrudisha siku nitakapomlilia. Sikumlilia.

Mume wangu akanirudisha hospitalini. Daktari alikuwa Singasinga mpole, akanipunguzia dawa polepole. Siku moja nikamwambia moyo wangu umekufa. Badala ya kunijibu, akaniuliza kwetu ndama akifa tunafanya nini. Nikamweleza: tunachuna ngozi, tunaijaza nyasi, tunaiweka mbele ya mamake. Anailamba, maziwa yanashuka.

"Basi, mama," akasema, "mofini ndiyo hiyo ngozi."

Akaniambia wataalamu wamegundua kwamba chembe za ubongo zina protini ndogo za kupokea ujumbe. Mwili wenyewe hutengeneza dawa yake ya kutuliza maumivu, na dawa hiyo hushika kwenye protini hizo. Mofini hushika pale pale, ikapokelewa kama ya nyumbani. Ikizidi, chembe zinaacha kuitikia vizuri. Ndiyo maana kidogo hakitoshi, na furaha za kawaida hazisikiki tena.

"Chembe hazijafa," akasema. "Zipe muda."

Nawaambia, nilijishika kichwa. Miaka yote nimekifunga kichwa hiki kitambaa, nimekivalisha ukanda wa kubebea kuni, na kumbe ndani Mungu ameweka dawa ambayo hakuna mtu aliyenidunga. Hata leo nikiwaza hivyo mwili unanisisimka.

Muda wenyewe ulikuwa mrefu. Chakula hakikuwa na ladha, hata nyimbo zenu zilinichosha, mnisamehe. Kisha siku moja mama mkwe akaja nyumbani kwetu na mtoto, sasa anatembea. Akaanguka kwenye matope, akainuka, akanijia na kunishika uso kwa mikono yake michafu. Nikalia mpaka nikakosa pumzi. Mama mkwe akaniachia mtoto, akarudi kwake peke yake.

Namshukuru yeye, mume wangu na yule daktari. Na wewe uliye na mtu nyumbani asiyecheka na mtoto wake, usimwambie hana moyo. Mpeleke kwa daktari, kisha umngoje, hata akichelewa.