Mtengeneza Meno Aliyekaa Kwenye Kiti cha Wagonjwa

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Donatus Magesa, Mteknolojia wa Maabara ya Meno, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Isungilo kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi muuguzi wa kitengo niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyemvumilia kwa muda mrefu kama mimi. Wameniomba pia niandike mazuri tu. Nimewaambia nitajitahidi.

Bwana Magesa alizaliwa Didia katika familia ya wafugaji. Baada ya sekondari alikwenda Dar es Salaam kusomea utengenezaji wa meno bandia, fani ambayo marehemu baba yake hakuielewa mpaka mwisho. Mzee yule aliwaambia majirani kwamba kijana wake anasomea uchongaji, na kwamba Mungu akijalia ataanza na meno kisha apande cheo mpaka milango.

Alipofika hapa alipewa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, meza moja na jiko la mafuta ya taa. Leo chumba hicho ndicho maabara ya meno ambayo watu huifuata kutoka Shinyanga vijijini, Geita mpaka Chato. Sifa hiyo ni yake, na kama tungeisahau, yeye mwenyewe angetukumbusha. Amekuwa akitukumbusha kila kikao.

Lakini tumpe haki yake, kwa sababu kazi aliijua. Mtu aliyepoteza meno mengi akija kwetu, mara nyingi ameshaamua anachotaka: anataka kama yale ya jirani yake. Bwana Magesa hakumuuliza mtu anataka nini. Alimuuliza anakula nini, anaishi umbali gani na nani nyumbani atamkumbusha kuyasafisha. Wa Chato aliambiwa habari ya miiba ya samaki. Wa Samuye aliambiwa habari ya michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika mpaka vikakauka kama vipande vya mbao. Baada ya hapo ndipo alipoeleza kwamba meno ya kupandikizwa kwenye mfupa yanahitaji mfupa imara, sukari iliyotulia na mfuko uliotulia zaidi, kwamba daraja, yaani meno bandia yanayogandishwa kwenye meno jirani, linahitaji meno mazima ya kulishikilia pande zote mbili za pengo, na kwamba hakuna aibu yoyote katika meno ya kuvaa na kuvua.

Wapo waliojaribu kumshinda. Bwana Davis, mwenye duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita, alikuja na dhahabu yake mfukoni akitaka meno yote ya juu yawe ya dhahabu tupu. Bwana Magesa alimweleza kwa upole kwamba mtu mwenye kinywa cha namna hiyo itabidi alale kwa zamu na mlinzi, na kwamba mlinzi naye itabidi achunguzwe. Bwana Davis akatafakari, akakubali ya kawaida. Kisha akabaki amekaa mlangoni siku nzima kuhakikisha dhahabu yake, ambayo ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe, haiibwi.

Kuna pia mzee mmoja wa Didia aliyebakiwa na meno manne mazima na aliyetaka yang'olewe ili avikwe seti kamili, maana aliona sahani ya meno bandia yenye mapengo ya kupitishia meno yake ni huduma nusu. Bwana Magesa alikataa katakata. Alimwambia meno yale manne ndiyo yatakayoyashika mengine yote. Mzee alituaga akisema ukweli ni kwamba fundi ni mvivu. Mwaka uliofuata alirudi na jogoo, ila maoni yake juu ya uvivu hakuyafuta.

Sasa nifike kwenye yale ambayo kamati isingependa. Ninayaandika kwa ruhusa ya Bwana Magesa mwenyewe, ambaye alisema heri niyaandike mimi kabla mganga wetu wa meno, Dkt. Tanvir, hajayasimulia kwenye sherehe.

Miaka minne iliyopita tuliletewa Violeth Shilinde, binti mwenye stashahada na mikono mizuri. Bwana Magesa alimpokea vizuri sana, akampa meza pembeni, na tangu siku hiyo hakumwachia kumaliza kazi hata moja peke yake. Kila Violeth alipoweka kazi mezani, mzee aliinua miwani, akaitazama, akasema neno moja: irudiwe. Mara nyingine alikuwa na haki. Mara nyingine, naamini, aliona tu kwamba neno hilo limekaa kimya muda mrefu. Ukuta wa maabara ni wa mbao nyembamba na benchi la wagonjwa liko upande wa pili. Basi wagonjwa wakajifunza. Wakaanza kusema wanataka meno ya mzee, si ya binti.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Dkt. Tanvir alituita kikaoni. Dkt. Tanvir ni mzaliwa wa Shinyanga mjini, familia yao ina duka huko, na Kisukuma chake kinawaaibisha baadhi yetu. Alianza na mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kama kawaida, lakini habari haikuwa ya kawaida. Uongozi ulikuwa umeona kwamba mzee anaondoka Juni na wagonjwa wanamkataa Violeth. Hali ikibaki hivyo, maabara itafungwa na wenye mapengo watapewa rufaa ya Mwanza. Sote tulijua maana yake. Mama wa Samuye ukimwambia aende Mwanza kwa ajili ya meno, atarudi nyumbani na kula uji mpaka mwisho wa maisha yake. Siku chache baadaye Violeth aliniambia ameanza kuulizia kazi Dodoma, na mimi nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Bwana Magesa alikuwa na shida nyingine wakati huo. Mtakumbuka kwamba barakoa zilipoacha kuvaliwa, yeye hakuacha. Tulimsifu. Alipewa hata cheti cha mfanyakazi bora katika kujikinga na maambukizi, na picha yake ikabandikwa ukumbini, nusu uso. Tulijua pia kwamba chai hunywa peke yake maabara, eti plasta ya kuchukulia umbo la meno inakauka. Hakuna aliyejiuliza ni plasta gani hukauka kila siku saa ya chai.

Ukweli ni kwamba mtengeneza meno wetu hakuwa na meno. Ya juu yalikuwa yamebaki sita. Baadhi aliyaharibu ujanani kwa kufungua soda za chupa kwa meno harusini, mbele ya watu, kuonyesha kwamba mtaalamu wa meno ana meno. Mengine yalikwenda na kisukari na woga wa sindano ya ganzi, woga ambao amewacheka wagonjwa kwa ajili yake kwa miaka thelathini na minne.

Kwa siri alimwendea Dkt. Tanvir akitaka ya kupandikizwa, yasiyovuliwa, ili mtu asijue. Dkt. Tanvir akamweleza habari ya mfupa na sukari. Akataka daraja. Dkt. Tanvir akamwonyesha kwamba mapengo ni marefu na meno ya kuwa nguzo hayatoshi. Kwa maelezo ya daktari, alikuwa akimrudishia mzee mahubiri yake mwenyewe neno kwa neno, na mzee aliyapinga yote kama mtu anayeyasikia mara ya kwanza. Yalibaki meno ya kuvaa na kuvua, sahani yenye vibanio vya waya vya kushika meno sita yaliyobaki. Akakubali. Lakini ya nani? Maabara ni moja na mafundi ni wawili. Akaamua kujitengenezea.

Wanaojua kazi hii watakuwa wameshacheka. Plasta, nta na waya ukiwa fundi utajimudu nazo. Jambo moja mtu hawezi kujifanyia: kupima jinsi taya lake linavyofunga. Ukijitazama kwenye kioo, taya husogea mbele lenyewe bila wewe kujua, na mwenye hofu ndiye husogeza zaidi. Lazima awepo mtu wa pili wa kukuongoza. Bwana Magesa ndiye aliyetufundisha hayo. Alijipima Jumamosi, maabara imefungwa kwa ndani, kioo kimeegemezwa kwenye jiko.

Jumatatu yake niliingia maabara kuchukua trei nikamkuta Violeth ameshika kazi aliyoikuta mezani. Alidhani ni ya mgonjwa aliyepimwa na mmoja wetu. Aliigeuza, akaifunga juu na chini, akaiinua kwenye mwanga. Mzee alikuwa anaingia mlangoni. Violeth akasema bila kugeuka:

"Haya mgonjwa hatatafunia. Aliyempima hakumsubiri atulie, taya limekwenda mbele. Irudiwe."

Nilisimama na trei yangu. Sikuwahi kulisikia neno lile likitoka upande ule wa chumba. Mzee akasema kazi ni yake. Violeth akaanza kuomba radhi.

"Kazi ni yangu," mzee akarudia, "na kinywa ni changu." Akashusha barakoa.

Sitaandika nilichokiona, isipokuwa kwamba alionekana mzee ghafla, na nilimwonea huruma kuliko nilivyotarajia. Violeth hakucheka, hata baadaye hakucheka. Alivuta kiti cha wagonjwa, akanawa mikono, akavaa glavu. Akamwambia akae, arudishe ncha ya ulimi nyuma, ameze mate, kisha afunge taratibu. Mzee akaanza kumweleza namna bora ya kumwelekeza mgonjwa, lakini wakati huo vidole vya binti vilikuwa tayari viko kinywani mwake. Ni mara ya kwanza katika utumishi wake kushindwa kujibu.

Violeth alimpima, akarudia, akarudia tena. Hakumruhusu ashike nta. Meno yalipokamilika, Bwana Magesa aliyavaa akaondoka nayo kwenda kuyatafutia kosa. Alirudi akasema kibanio cha kushoto kinabana. Violeth akakilegeza. Alirudi tena, akakaa, akayavua, akayavaa, akaondoka bila neno. Kwa wanaomfahamu, hiyo ni hotuba ya pongezi.

Lakini barakoa aliendelea kuivaa. Alikula, alitafuna, Mama Scolastika mkewe alimshukuru Violeth kwa kuku wawili, ila nje ya nyumba yake hakuna aliyeambiwa kitu. Wagonjwa wakaendelea kumkataa binti, na mwisho wa Juni ukaendelea kukaribia.

Wiki iliyopita, Jumatano, benchi likiwa limejaa, alikuja Mama Ritha wa Samuye. Huyu mama ameshamkataa Violeth mara mbili. Alikuwa amesikia mzee anaondoka, akaja mbio atengenezewe kabla. Nilimweleza kwamba mzee hapokei kazi mpya, aende kwa Violeth. Alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa kwamba heri arudi na ufizi wake kuliko kuwekewa meno ya kujifunzia. Wengine benchini wakaitikia. Mmoja akaanza kukusanya vitu vyake aondoke. Violeth alikuwa mlangoni, amesikia yote, na niliona usoni mwake kwamba Dodoma imeshamchukua.

Bwana Magesa akatoka maabara. Alimwamkia Mama Ritha, akaulizia nyumbani, akaulizia mvua. Kisha, mbele ya benchi zima, mbele ya watu aliowatengenezea meno na wanaomjua kama mwenyekiti wa meno wa nchi hii, alishusha barakoa, akaingiza vidole kinywani, akayatoa meno yake na kuyashika kiganjani. Mashavu yakaingia ndani. Hakujifunika kwa mkono. Aliongea hivyo hivyo, maneno yakivuja pembeni:

"Haya kanitengenezea Violeth. Mimi nilijitengenezea mwenyewe, nikashindwa."

Hakuna aliyecheka, na nchi hii ina watu wanaojua kucheka. Mama Ritha aliinama akayaangalia meno yale kiganjani kama anayechagua mbegu, akauangalia mdomo ule, akachukua mkoba wake akainuka. Alipita mbele ya mzee, akamwendea binti mlangoni.

"Mwanangu," alisema, "nikae wapi?"

Violeth alimwonyesha kiti. Kisha akamgeukia Bwana Magesa, akamwambia kwa adabu zote aende kuyaosha kabla ya kuyarudisha kinywani. Akaenda kuyaosha. Tangu siku hiyo benchi linamwita binti kwa jina, uongozi umesema maabara haifungwi, na za Dodoma sijazisikia tena.

Bwana Magesa, tumetaniana nawe miaka mingi na leo tutasema tu bila kuzunguka: tunakupenda, na tunakushukuru kwa kila mtu wa ukanda huu anayetafuna leo kwa sababu yako. Nenda salama nyumbani kwako pamoja na Mama Scolastika, uwe na afya, sukari itulie, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Ukaguzi wa meno yako ni mwezi ujao. Violeth anasema uje asubuhi, ukae kwenye foleni kama wengine.

Lusia Mageni, Muuguzi, Kitengo cha Meno,
kwa niaba ya wafanyakazi wote