Taa Nyekundu ya Redio ya Ekerenyo

Benchi letu liko chini ya dirisha la zahanati ya misheni, hapa Ekerenyo, na Esnah huweka birika lake la kahawa pembeni. Dirisha ni la chumba cha redio. Kila siku ya kazi, saa nne kamili asubuhi, Nesi Persis huwasha mashine, na hospitali kubwa ya Kisumu humsomea hali ya wagonjwa tuliowapeleka huko. Akikosa saa hiyo, ni mpaka kesho. Jumatatu moja mwaka 1971 tulikuwa tunangoja habari za Mong'ina, mke wa Ombui, aliyepelekwa Alhamisi kupasuliwa tumbo. Persis alibonyeza swichi mapema. Taa nyekundu haikuwaka.

Alituambia kutoka dirishani kwamba amebadilisha fyuzi na kukaza nyaya, bila mafanikio. Betri hakuishuku. Aliijaza mwenyewe Ijumaa, kabla ya kwenda kwao Itumbe.

— Hiyo ni radi, akasema Ondieki, ambaye tunamwita Radi kwa kuwa kila kinachoharibika husema ni radi. Juzi ilipiga Gesima.

— Ikatoka Gesima mpaka hapa? akauliza Nyangate, mlinzi wa zahanati. Funguo zote hulala kwake.

— Ilipita kwenye majani chai, bwana. Mashamba si yameshikana?

Nyangate akasema kosa liko Kisumu: wamegeuza mlingoti, sasa Waganda ndio wanaosomewa habari za wagonjwa wetu. Radi akaona hilo ni dogo. Akasema mashine ikibeba habari mbaya miaka mingi, hufika siku ikakataa kusema.

Hakuna aliyecheka. Ombui alikuwa amekaa katikati yetu na koti lake la kanisani, kahawa imempolea mkononi.

— Saa ngapi? akauliza.

— Nne na robo, Esnah akamjibu polepole.

Ndipo akaja Kemuma, mama yake Mong'ina, na kikapu cha ndizi mbivu. Ombui akainuka, akasogea kando, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Mama naye hakumtazama. Akamgeukia Esnah.

— Sabato mlipokuwa kwa mkutano wa maombi uwanjani, nilikuwa kwangu ng'ambo ya mto. Nikasikia mkimwombea mtoto wangu kwa spika, jina lake likifika mpaka kwangu. Nilishukuru sana. Na hiyo spika mliiwasha na nini? Hapa si hakuna stima?

Esnah akafungua birika, akachungulia ndani. Radi akatazama mbingu, ambayo haikuwa na wingu. Nyangate akashika funguo mfukoni zisilie. Mimi pia nilikuwa uwanjani tangu asubuhi mpaka jioni, na nilipaza sauti kama wengine. Niliona betri ikija na niliiona ikirudishwa. Sikumlaumu aliyeibeba; alitaka jina la mkewe lisikike mbali. Lakini kumtaja mbele ya mama mkwe, nani angeanza?

— Nauliza tu, akasema Kemuma.

Juu yetu swichi ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Persis alikuwa bado anajaribu. Ombui alisimama pale pembeni, kiganja juu ya bega, akifunika tundu ambalo tindikali ya betri ilikuwa imelitoboa kwenye koti lake.