Dona Nalva, Aliyehesabu Kila Goli la Estrela do Agreste

Ndugu, majirani, na ninyi Mijusi wote, mashabiki wa Estrela, mliokuja na jezi za kijani: hivi ndivyo alivyoishi Marinalva Tenório Bezerra, ambaye mji mzima wa Lagoa Funda ulimwita Dona Nalva.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 katika shamba la Cacimba, nje kidogo ya mji wetu, jimbo la Pernambuco. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Abdias Tenório, fundi uashi, na Quitéria, aliyeuza tapioka, chapati za wanga wa muhogo, nje ya uwanja wa klabu ya Estrela do Agreste. Kuingia ndani ilikuwa ndoto, basi Nalva akajifunza kutazama mpira kwa masikio. Huku akigeuza tapioka kikaangoni, alisikiliza zogo la upande wa pili wa ukuta, kisha akawatangazia wateja matokeo. Mdogo wake Ivonete, anayewasomea wasifu huu, alimwuliza anajuaje goli ni la nani.

“Goli letu lina kelele,” akamjibu, “lao lina matusi.”

Hakukosea ila mara moja, siku mbuzi alipoingia uwanjani.

Alisoma kwa masista hapa mjini kuanzia mwaka 1959, kisha akapata cheti cha ualimu huko Garanhuns mwaka 1971. Alifundisha hesabu katika shule ya msingi ya mji huu hadi alipostaafu mwaka 1997. Wengi wenu mliokusanyika hapa makaburini mlijifunza kugawanya kwa kutumia magoli na mechi, na wanafunzi walioshabikia timu pinzani walipewa hesabu zenye masalio.

Kazi iliyompa jina, hata hivyo, hakuajiriwa na mtu kuifanya. Mwaka 1974 klabu ilitimiza miaka arobaini, na mwenyekiti wa wakati huo, Seu Otacílio, alimwomba mwalimu kijana aandike kijitabu cha sherehe.

“Andika kwamba tumeshinda mechi nyingi sana,” alisema mwenyekiti.

“Nyingi ni ngapi, Seu Otacílio?”

“Nyingi, binti! Hazihesabiki.”

“Basi ngoja nizihesabu.”

Akapanda mabasi hadi Recife wakati wa likizo, akafukua magazeti ya zamani, akagonga milango ya makipa waliozeeka na ya wajane wa waamuzi. Alirudi amejaa furaha, anaongea bila kupumua. Ameupata ushindi mkubwa kuliko wote, saba kwa moja, mwaka 1948! Amempata beki aliyecheza misimu kumi na mbili bila kuonywa! Amekipata pia kipigo cha tisa bila cha mwaka 1953. Hicho cha mwisho viongozi walimsihi akiache nje.

“Yote tisa yaliingia wavuni,” aliwaambia. “Mimi nitayatoaje?”

Kijitabu kilichapwa na kipigo chake ndani, na watu wakakigombea kama mahindi ya sikukuu za Juni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika historia ya Estrela bila kupita kwake.

Ndoa yake nayo ilitokana na ubishi. Mwaka 1976 alimfuata katika ofisi ya klabu mshambuliaji wetu Valdeci Bezerra, ambaye mashabiki walimwita Trovão, yaani radi, akiwa bado na tope miguuni.

“Wewe ndiye mwalimu uliyeninyima goli langu la Jumapili?”

“Ulipiga mpira nje, Valdeci. Beki wao ndiye aliyeuingiza kwa goti.”

“Mimi ndiye niliyepiga!”

“Ulipiga, mpira ukaelekea kwenye kanisa. Goti likaurudisha.”

Alirudi juma lililofuata kubishana tena, na lililofuata. Juma la nne alikuja na keki ya muhogo na hakulitaja goli kabisa. Walifunga ndoa tarehe 21 Januari 1978 katika Kanisa la Mtakatifu Sebastiani, wakajaliwa watoto wawili, Jucélia na Adeílton. Valdeci alistaafu mwaka 1984 akiwa na magoli 143, rekodi ya klabu. Kila aliyepita mbele ya baraza yao jioni aliambiwa idadi hiyo, awe ameuliza au hajauliza.

Sasa tuiseme siku ya tarehe 27 Septemba 2009, maana aliyekuwepo hajaisahau, na asiyekuwepo anadai alikuwepo.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya daraja la pili la jimbo. Tukishinda tunapanda, tukitoka sare tunabaki. Jadielson, kijana wetu wa namba tisa, alikuwa na magoli 142. Dona Nalva aliketi kwenye kibanda cha redio kama kawaida yake, na pembeni yake ameketi mumewe, amevaa shati la harusi za watu. Kipindi cha kwanza Jadielson akafunga kwa kichwa. Amelingana na Valdeci! Uwanja ukatikisika. Valdeci akapiga makofi, ila kwa vidole tu. Wapinzani wakasawazisha. Dakika ya themanini na nane tukapata kona. Mpira ukatoka langoni, Jadielson akaukung'uta bila kuutuliza, ukamgusa beki begani, ukaingia. Goli! Mbili kwa moja! Watu walikumbatiana na watu waliowashtaki mahakamani.

Lakini ni la nani? Mwamuzi aliandika kwamba beki amejifunga. Kitabu cha klabu, hata hivyo, kilikuwa cha mtu mmoja tu. Kipenga cha mwisho kilipolia, mtangazaji alimsogezea kipaza sauti huku sauti imemkauka.

“Dona Nalva, mji unasubiri. Limeandikwa la nani?”

Wenye redio wakaongeza sauti, wasio nazo wakawasogelea. Yeye akamtazama mumewe. Valdeci alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye Dona Nalva alimweleza Ivonete kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kutamani kusema uongo kama pale, na kwamba ilibidi aikalie mikono yake.

“Lilikuwa linaingia,” alisema. “Beki amelisindikiza tu. Goli ni la Jadielson. Mia moja arobaini na nne.”

Kelele iliyofuata ilivunja kioo cha kibanda, na kioo hicho hakijarekebishwa mpaka leo. Ndipo Valdeci akasimama, akamnyang'anya mtangazaji kipaza sauti. Watu wakaogopa.

“Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na moja,” alisema, “na sijamshinda ubishi hata mmoja. Mlidhani nitaanza leo? Jadielson, mwanangu, njoo nikukumbatie kabla sijabadili mawazo!”

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mzee aliketi jikoni, hakula, na machozi yakamtoka mbele ya kuskuzi ya mahindi iliyopoa. Dona Nalva akavuta kiti.

“Sasa mimi ni nani, Nalva?”

“Wa pili.”

“Asante. Umenifariji sana.”

“Wa pili kwenye kitabu, Valdeci. Hapa nyumbani bado hatujasajili mwingine.”

Akacheka mpaka akala.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba moyo wa Dona Nalva umechoka. Alikatazwa kwenda uwanjani, akahamia kwenye redio, na kazi ya kuandika akamkabidhi Jucélia. Mwaka huu alilazwa mara tatu katika hospitali ya mkoa, kisha akaomba kurudi kitandani kwake. Jumapili iliyopita, tarehe 18 Agosti, hakuwa na nguvu hata ya kusikiliza redio. Estrela ilifungwa. Jucélia alipofika kutoka uwanjani, akamwonea huruma mama yake.

“Tumeshinda, mama. Mbili bila.”

“Nani kafunga?”

“La kwanza… la kwanza lilikuwa kona.”

“Kona si mtu, mwanangu. Nani kafunga?”

Binti akashindwa kumbuni mfungaji. Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. “Tatu bila, mama. Tumepigwa.”

“Hapo sawa. Haya, niambie moja moja.”

Akasimuliwa magoli yote matatu, macho yanang'aa, na kwenye la tatu akamtukana kipa kwa sauti iliyofika barabarani. Dona Nalva alifariki Jumanne tarehe 20 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Valdeci.

Ameacha mume, Valdeci, watoto wawili, Jucélia na Adeílton, wajukuu wanne, mdogo wake, Ivonete, na Jadielson, ambaye leo amelibeba jeneza akiwa upande mmoja na Valdeci. Ameacha pia mechi 2,316 zilizohakikiwa, na moja ya mwaka 1939 ambayo bado anasema si kweli.

Padri ametukubalia jambo moja. Jeneza likianza kushuka, tusiinamishe vichwa. Tupige makofi, na wenye ngoma wapige ngoma, mpaka walio ng'ambo ya ukuta wajue kwa kelele kwamba huyu ni wetu. Mungu amlaze pema, Dona Nalva wetu. Haya, Mijusi: sasa!