Kilima Ambacho Trijntje Hoekzema Hakukifuta

Ndugu waombolezaji, mlioacha shughuli zenu mkaja kunywa nasi kahawa na kula keki ya msiba, tunawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu, Trijntje Hoekzema.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 kijijini Winsum, mtoto wa tatu wa mwashi Harm Hoekzema, akasoma hapo hapo, na mwaka 1949 akamaliza sekondari mjini Groningen akiongoza darasa zima kwa hesabu, jambo ambalo baba yake alilisifu kwa maneno mawili tu, "Si mbaya," na kwetu huku mnajua hakuna sifa inayopita hiyo.

Septemba 1951 aliajiriwa katika maabara ya Profesa Wiersema kuchora ramani za msongamano wa chaji, yaani kuonyesha kwa wino, juu ya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mahali elektroni zilipojazana ndani ya fuwele na mahali zilipo chache, kwa mistari kama ile inayoonyesha vilima kwenye ramani, hivyo mtu aliyezaliwa kwenye nchi tambarare kama meza akapata riziki yake kwa kuchora vilima.

Tarehe 11 Juni 1958 alichora kilima kidogo kati ya atomu mbili za oksijeni, mahali ambapo profesa hakutarajia kitu, akaambiwa, "Bi Hoekzema, hilo ni kosa la vipimo, lifute," akajibu, "Nimekokotoa mara nne, Profesa, nikikifuta nitakuwa nimechora mawazo yako, si fuwele," na kwa jibu hilo akahamishiwa stoo ya vifaa, akaosha chupa miaka sita.

Akiwa huko, tarehe 14 Mei 1960, alifunga ndoa na Luppo Dijkema, fundi baiskeli, wakajaliwa Aaltje mwaka 1961 na Harm mwaka 1963.

Mwaka 1964 vipimo vipya vilikuta kweli kuna atomu ya hidrojeni palepale kwenye kilima chake, profesa akaja nyumbani kwa baiskeli, amelowa chapachapa, akanywa supu ya njegere bakuli mbili, akamrudisha kazini, lakini katika makala aliyoandika kuhusu ugunduzi huo hakumtaja, na mama hakuwahi kudai, ingawa baba yetu Luppo alinuna hadi anaingia kaburini.

Alistaafu mwaka 1991, akaanza kuugua moyo Oktoba 2010, akafariki tarehe 8 Februari 2011, zikibaki siku ishirini na tatu atimize miaka themanini.

Tunawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa zamani, na zaidi Profesa Wiersema, mwenye miaka tisini na mmoja, aliyeketi hapa mbele, ambaye jana alituomba tusome akiwepo kwamba kilima kilikuwapo, aliyekiona ni Trijntje, na aliyekosea ni yeye.

Mama, neno hilo tumelisoma, sasa pumzika.