Taa Nyekundu ya Chini Kushoto

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa kike anayenuka grisi hata siku ya msiba, familia imenipa karatasi hii niwasomee habari za maisha yake, nami nitaisoma yote, ila kuna mahali nitasimama niseme kisichoandikwa.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Tochi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha kituo cha mafuta alikofanya kazi baba, na mama alikuwa akilalamika kwamba mwanawe aliitazama balbu kabla ya kumtazama yeye. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, akaingia sekondari, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kuunganisha kengele ya shule na swichi aliyoificha chini ya dawati lake, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme wa magari tarehe 2 Desemba 1981.

Alianza kazi katika karakana ya mabasi Januari 1982, akafunga ndoa tarehe 18 Aprili 1987 na wifi yangu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mwaka 1989 na kijana mwaka 1993, na tarehe 5 Septemba 1994 akafungua gereji yake jirani na mizani ya malori, akanichukua na mimi, akanifundisha kushika kipimo cha umeme kabla ya spana. Kwake taa ya onyo kwenye dashibodi ilikuwa kama mgeni aliyeleta habari, hafukuzwi kabla hajasikilizwa, na fundi aliyechomoa waya ili mteja aondoke akitabasamu alimwita mchawi, tena mbele ya mteja huyo huyo. Wenye magari walinung'unika kwamba anawachelewesha, naye aliwajibu kwamba mwenda pole hajikwai.

Karatasi inasema kwamba mwaka 2006 alipata matatizo ya kikazi, na hapa ndipo ninaposimama. Tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, kaka akiwa amekwenda kununua waya, jirani yetu mwashi alileta pikapu yake, taa ya onyo la breki inawaka, ile nyekundu ya chini kushoto, nikakuta mafuta ya breki yamepungua, nikajaza, taa ikazimika, ikawaka tena, na kwa kuwa yeye alikuwa na haraka, na mimi nilishajiona fundi kamili, nikasema ni sensa mbovu, kile kifaa kinachopima mafuta ya breki na kuwasha taa, nikachomoa waya wake, taa ikafa, akanishukuru, akaondoka. Haikuwa sensa, mafuta yalikuwa yanavuja, na kwenye mteremko wa machimbo ya mawe pikapu haikushika breki, mwashi akafia pale pale.

Kaka alipouona ule waya aliujua mkono uliouchomoa, akanitazama, nilikuwa na mimba ya miezi saba, akawaambia polisi kwamba ni yeye. Alifungwa miaka miwili, mimi nikajifungua salama, nikanyamaza. Mama mjane wa mwashi, uliyekaa safu ya pili, miaka kumi na minane umemnyima kaka salamu, na aliyekukosea ni mimi.

Mjomba wetu aliyekwenda kuivuta pikapu alituambia kwamba betri ilikuwa imeng'oka, imelala kwenye nyasi, na ile taa inawaka, sisi tukamwambia ni jua limepiga kioo.

Mwaka 2019 kaka alipatwa na presha ya macho, na tarehe 3 Februari 2022 daktari alithibitisha kwamba haoni tena hata mwanga, lakini wifi yangu ni shahidi kwamba kila asubuhi alisema anaona kitaa kimoja chekundu, chini kushoto, ambacho hakizimiki hata akifumba macho. Mara moja tu, nikimmenyea chungwa, aliniuliza kama mimi sikioni, nikajibu hapana, akasema vizuri, basi bado kiko kwangu. Moyo wake ulisimama juzi saa moja na nusu asubuhi, akiwa kitini.

Leo dereva wa gari lililomleta kaka hapa aliniita, taa ya breki inawaka, nikapima mafuta, yamejaa, nikachomoa sensa, nikang'oa fyuzi, nikafungua waya wa betri, ikaendelea kuwaka, dereva akarudi nyuma hatua tatu. Mlango wa gari uko wazi pale, mlio karibu mnaiona taa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya macho, majirani waliomshika mkono kuvuka barabara, na mafundi wenzetu mliofunga gereji zenu leo. Dereva ananipungia mkono, anaonyesha kwamba taa imezimika, namshukuru na yeye. Nikitoka hapa nakuja kwako, mama wa safu ya pili, halafu nakwenda polisi.

Lala kwa amani, kaka, sasa giza lako ni giza tupu. Kitaa kimekuja kwangu, kiko hapa ukingoni mwa karatasi, chini kushoto, na nimejaribu kufumba macho, hakizimiki.